Mkurugenzi Aliyefunga Chuo cha Mdogo Wake

Kabla hajawa mkurugenzi wa vyuo vyote vya ufundi vya jamii, alikuwa mwalimu wa kufunga nyaya za umeme majumbani, na wanafunzi wake wa kwanza, wanaume watupu, walimbandika jina la Dada Umeme. Mwanzoni walilitamka kwa kejeli. Halafu siku moja mmoja wao, pande la mtu, akashika waya usiofaa kushikwa, ukamrusha hadi akakaa kitako sakafuni. Mwalimu wake ndiye aliyekata umeme, akamkagua vidole kimoja kimoja, akamwambia, "Haya, inuka. Umeme haujali upana wa kifua." Darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo jina likabaki, kejeli ikaondoka. Alipanda vyeo, akapata ofisi yenye zulia, katibu muhtasi na dereva, lakini wakufunzi wa zamani wakimkuta kwenye korido bado walimwita vilevile, naye aliitika kwa furaha kuliko alivyoitikia cheo chochote.

Vyuo vyenyewe havikuwa vya kujivunia mbele ya wageni. Vilikuwa vingi, vidogo, vimetawanyika hadi kwenye vijiji ambako barabara huishia. Kimoja kilikuwa na karakana mbili na jiko. Kingine kilikuwa na ukumbi wa kuazima, mlango wake ukifungwa kwa kipande cha waya. Vilipokea watu ambao shule ziliwatema: vijana walioanguka mitihani, wasichana waliorudi nyumbani na mimba, baba mtu mzima anayetaka kujifunza uashi baada ya kuachishwa kazi. Dada Umeme alivijua vyote kwa kuvikanyaga kwa miguu yake. Ukimtajia chuo, angekuambia paa gani linavuja na mkuu gani wa chuo anapenda kulala ofisini.

Mageuzi yalikuja na serikali mpya. Waziri aliyepewa elimu ya ufundi alikuwa kijana kwa cheo hicho, mwepesi wa maneno, mwenye tabia ya kuzunguka meza akiongea. Hakuwa mtu mbaya. Baadaye Dada Umeme alitamani angekuwa mtu mbaya, maana ingekuwa rahisi kumchukia.

"Mama, sitakuzungusha," waziri alimwambia siku aliyomwita. "Vyuo vyako vimetapakaa kama punje za mtu aliyejikwaa na gunia. Serikali inataka vichache, vikubwa, vyenye mashine za maana. Hilo limeshapita. Kilichobaki ni nani ataliongoza."

"Na nikisema siwezi?"

"Nitamleta mtu wa mipango kutoka nje ya wizara. Hodari kweli wa kompyuta. Ila nadhani akiingia karakana atauliza choo kiko wapi halafu atatoka."

Dada Umeme alicheka bila kupenda. Jioni alimweleza mumewe, ambaye alikuwa mpima ardhi aliyestaafu na siku hizo alishinda akipalilia bustani ndogo nyuma ya nyumba. Mume alisikiliza huku akijipangusa udongo mikononi.

"Wanataka wewe ushike kisu ili wao wasirukiwe na damu," alisema.

"Nikishika mimi, angalau nitajua pa kukata."

"Kukata ni kukata, mama watoto."

"Kwa hiyo nikae pembeni, wamlete asiyejua kitu?"

Mume aliinuka kwenda kunawa. Baada ya kuishi naye miaka yote ile alijua kwamba mkewe akishauliza hivyo, ameshaamua. Kesho yake Dada Umeme alikubali.

Alianza kwa kuvizungukia vyuo, maana alitaka watu wasikie mageuzi kutoka kinywani mwake, si kutoka kwa wapita njia. Safari ile ilimfikisha kwenye chuo cha mlimani, na hapo ndipo alipojifunga kamba.

Chuo hicho hakikuwa chuo tu kwake. Mama yake mzazi aliishi hatua chache kutoka langoni, na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, alifundisha useremala pale. Wanafunzi walimwita Randa, kwa sababu alipenda kusema kwamba mtu asiyejua kuinoa randa yake asiguse mbao za watu. Dada Umeme alimbeba mdogo wake huyo mgongoni wakati mama yao akiwa vibaruani. Yeye ndiye aliyempeleka kujifunza useremala alipoona vitabu havimwingii. Randa na wanafunzi wake ndio waliojenga karakana ya chuo, kuanzia kenchi za paa hadi madirisha, na ilikuwa karakana bora kuliko nyingi za mjini. Ukiingia ulipokelewa na harufu ya mbao mbichi na maranda yaliyojikunja sakafuni kama nywele kwa kinyozi.

Ukumbini siku ile walijaa wote: wakufunzi, wanafunzi, mlinzi, hata mpishi wa chuo aliyekuja na mwiko wake mkononi. Dada Umeme alieleza habari ya mageuzi kwa uangalifu, akitumia maneno ya wizara: kuunganisha, kuboresha, kuongeza tija. Alipomaliza, mpishi akasimama. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo.

"Mheshimiwa, sisi wengine maneno marefu yanatupita kichwani. Tuambie kwa kifupi. Tunafungwa, hatufungwi?"

Watu wakacheka, kisha wakamgeukia mkurugenzi. Dada Umeme alimwona mdogo wake amesimama nyuma, amekunja mikono, anatabasamu kama mtu ambaye jibu analo tayari. Alipaswa kusema hajui. Hilo ndilo lililokuwa kweli. Badala yake akasema, "Maadamu mimi niko kwenye kiti hiki, chuo hiki hakifungwi."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mpishi alicheza hadi mwiko ukamponyoka.

Walipokuwa kwa mama yao baadaye, wamekaa barazani na vikombe vya chai, Randa alisema, "Nimeshawajibu wale wa kiwanda cha samani. Nimewaambia siendi."

Dada yake aliweka kikombe chini. Kazi ile ya kiwandani Randa alikuwa ameitafuta mwaka mzima. "Ungengoja kidogo, mdogo wangu."

"Ningoje nini? Si umesema mwenyewe mbele za watu?"

Mama yao alikuwa akiwatazama, mmoja baada ya mwingine, amefurahi kuwaona wote wawili kwenye baraza moja. Dada Umeme akanyanyua kikombe, akanywa. Mara hii pia alipaswa kusema neno, na mara hii pia hakusema.

Aliporudi mjini alijitosa kazini kama mtu anayejaribu kuwahi mvua. Yeye na watu wake wachache waliandaa mpango wao: vile vidogo visifungwe, vigeuzwe matawi ya vyuo vikubwa, kila tawi libaki na karakana moja au mbili na wakufunzi wake. Aliutetea kwenye vikao mpaka sauti ikamkauka. Waziri aliupenda. Aliupeleka juu, na huko juu ukarudishwa umekatwa katikati. Matawi hayatakiwi, walisema. Matawi ni vyuo vilevile vilivyovaa kofia nyingine. Vyuo saba vifungwe, na kabla ya muhula mpya.

"Nimegombana nao," waziri alimwambia, na safari hii hakuzunguka meza, alikuwa amekaa. "Nimeambulia viwili. Kati ya saba, viwili vitabaki. Wewe ndiye unayevijua. Chagua."

Alirudi ofisini kwake, akawaita wakuu wa idara kwenye chumba cha mikutano. Ilikuwa asubuhi yenye mwanga mzuri, na mhudumu alikuwa ameweka maua mapya mezani. Chuo cha kwanza hakikuwa na ubishi: ndicho pekee kilichofundisha viziwi, na hakuna aliyetaka kuonekana amekigusa. Kazi ilikuwa kwenye cha pili. Vilivyobaki na hoja vilikuwa viwili, cha mlimani na cha bondeni. Cha bondeni kilikuwa karibu na barabara kubwa na kilikuwa na wanafunzi wengi kidogo zaidi. Cha mlimani kilikuwa na karakana bora, wasichana wengi, na kikifungwa hakuna kingine cha karibu. Ungeviweka kwenye mizani, mizani yenyewe ingesita.

Walijadiliana kwa muda. Kisha naibu wake, mtu mwenye adabu nyingi ambaye kila mtu ofisini alijua anakitazama kiti cha mkurugenzi, akakohoa kidogo.

"Labda, mkurugenzi, kuhusu cha mlimani ungetuachia sisi wengine tuseme. Wewe upumzike. Maana pale, unajua tena, kuna mambo ya kifamilia."

Alilisema kwa tabasamu, kama mtu anayemvutia mgeni kiti. Wote wakainamia karatasi zao. Kwa mara ya kwanza Dada Umeme akaona jinsi itakavyosemwa kwenye korido, kwenye magazeti, kwenye baa ambako wakufunzi wa vyuo vilivyofungwa watakaa wakiuguza hasira: amekiokoa cha mdogo wake.

"Hakuna haja ya kupumzika," alisema. "Cha bondeni kibaki. Kina wanafunzi wengi na barabara iko karibu. Tuendelee."

Zilikuwa sababu za kweli. Lakini zilikuwa za kweli hata kabla naibu hajafungua mdomo, na wakati huo hazikuwa zimemtosha. Alilijua hilo akiwa bado anatamka. Wenzake waliinua vichwa, wengine kwa heshima mpya, na heshima yao ikamchoma kuliko aibu ambayo angeipata.

Walitaka kumtuma naibu kwenda mlimani kutoa taarifa. Alikataa kata kata. Alisema kama ni kutazamwa machoni, atazamwe yeye. Alipanga kufika kwanza kwa Randa, amkalishe, amweleze yote hadi lile la mizani, kabla hajaingia ukumbini. Lakini walipokuwa bado njiani, gari likipanda mlima taratibu, redio ikakatiza muziki na msomaji wa habari akaanza kuvitaja vyuo vitano. Dereva alinyoosha mkono haraka kuizima.

"Iache," Dada Umeme alisema.

Cha mlimani kilitajwa cha tatu. Mtu fulani wizarani alikuwa ameharakisha kupeleka taarifa, na Dada Umeme hakuwahi kujua ni nani.

Walipofika, lango lilikuwa wazi na mlinzi hakuinuka. Ukumbini watu walikuwa wamekwisha kukaa, wakimsubiri kama watu wanaosubiri daktari atoke na habari ambayo tayari wameisoma usoni mwake. Alisimama mbele yao. Hakutumia maneno ya wizara. Alisema chuo kinafungwa, wakufunzi watahamishiwa chuo kikubwa kipya cha mjini, wanafunzi watapokelewa huko huko, na kwamba yeye aliwaahidi jambo na ameshindwa kulitimiza.

"Tulishasikia kwenye redio," mpishi alisema bila kusimama. "Sasa umekuja kutuongezea nini?"

Msichana mmoja wa darasa la uchomeleaji, mwenye mtoto mchanga amelala mgongoni, alinyoosha mkono kama yuko darasani.

"Samahani, mama. Huko mjini bweni linapokea mtu na mtoto?"

"Tutaangalia uwezekano."

Alijisikia mwenyewe akilisema. Lilikuwa neno la wizara, limemtoroka. Msichana aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akakaa, akaanza kumtikisa mtoto ambaye hata hakuwa analia.

Randa hakuwa ukumbini. Alimkuta karakanani, peke yake, anapiga randa ubao ambao ulikuwa umekwisha kunyooka zamani. Hakuacha kazi dada yake alipoingia. Alipiga mpaka mwisho wa ubao, akaweka randa chini kwa ubavu, kama alivyowafundisha wanafunzi wake.

"Dada, nakuuliza kitu kimoja, halafu sikuulizi tena."

"Uliza."

"Ningekuwa mimi si mdogo wako. Fundi tu, mtu baki usiyemjua. Ungetuacha?"

Alitaka kumweleza juu ya barabara, juu ya idadi ya wanafunzi, juu ya naibu na tabasamu lake. Vyote vilimjia pamoja. Mdogo wake alimngoja. Alikuwa na subira. Ndiyo iliyomfanya mwalimu mzuri.

"Sijui," alisema mwishowe.

Randa akapangusa maranda kwenye meza ya kazi kwa kiganja, polepole, mpaka ikawa safi. "Basi. Asante kwa kuja, mkurugenzi."

Maisha yake yote hakuwahi kumwita hivyo, hata kwa utani. Dada Umeme alitoka nje akisahau hata pochi yake kwenye stuli, na ni dereva aliyeingia kuichukua.

Kwa mama yao alikaa dakika chache tu. Bibi kizee alimwekea chakula, akakaa mbele yake akimtazama akikichezea.

"Hizo kazi zenu mimi sizijui, mwanangu," alisema. "Ila mdogo wako tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni, na wewe sasa hutii kitu mdomoni. Nina watoto wawili wasiotazamana. Hilo ndilo ninalolijua."

"Yatapoa, mama."

"Ee. Hata uji hupoa. Kula."

Malori yalikuja wiki zilizofuata kuchukua mashine. Wapakiaji walitaka kuzing'oa kwa mitaimbo, na Randa, ambaye alikuwa amekataa kuhamia mjini, aliwafukuza karakanani, akazifungua mwenyewe, skrubu baada ya skrubu, akazipaka grisi na kuzifunga magunia. Mpishi ndiye aliyempigia Dada Umeme simu kumsimulia. Alisema Randa alimaliza kazi, akafagia sakafu, akamkabidhi mlinzi ufunguo, akaenda zake bila kugeuka. Kisha mpishi akasema, "Nilidhani utapenda kujua," akakata simu, na Dada Umeme hakuelewa kama lilikuwa neno la wema au la kumchoma.

Mashine zile zilikaa ghalani mjini karibu mwaka mzima, kwa sababu karakana mpya ilijengwa na watu ambao hawakuuliza zinataka umeme wa nguvu gani. Yeye, mwalimu wa umeme, aligundua hilo siku ya ukaguzi, akiwa amevaa kofia ya plastiki na suti. Alipiga kelele siku hiyo kama ambavyo hajawahi kupiga. Mkandarasi alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyekemewa na picha ya ukutani.

Siku ya ufunguzi, hata hivyo, kila kitu kiling'aa. Utepe ulikatwa, bendi ikapiga, waziri akahutubia vizuri sana, akamshukuru mkurugenzi "kwa ujasiri wa kufanya maamuzi magumu bila upendeleo." Watu wakapiga makofi. Yeye alikaa jukwaani akitafuta sura kwenye safu za wanafunzi waliovaa maovaroli mapya ya buluu. Baadaye alimuuliza mkuu wa chuo ni wangapi wametoka mlimani.

"Vijana watatu, mkurugenzi. Wanajitahidi sana."

"Na wasichana?"

Mkuu wa chuo alifikiri. "Wa mlimani? Hapana. Umbali, nadhani. Na wengine wana mambo ya nyumbani."

Alimpigia mpishi simu. Aliuliza habari za yule mwenye mtoto.

"Yule? Anafua nguo za watu. Mtoto hajambo, anatembea sasa." Kisha akaongeza, "Alikuwa anachomelea vizuri, unajua. Geti la zahanati ni yeye aliyelichomelea."

Dada Umeme aliomba chumba kimoja tu kwenye bweni kitengwe kwa akina mama na watoto wao. Alijibiwa kwamba wazo ni zuri na litazingatiwa katika awamu ijayo. Aliomba tena, akajibiwa vilevile, kwa maneno yaleyale, hata koma zikiwa mahali palepale. Kwa mama yake alikwenda kila alipopata nafasi. Randa alihamishia kazi zake uani kwa mama yao, akatengeneza vitanda na milango chini ya kipaa cha mabati, na kila gari la dada yake lilipotokea alikuwa na safari ya kwenda kutafuta misumari. Alimsalimia akipita. Hakuwa na jeuri. Alimsalimia kama unavyomsalimia mtu wa serikali.

"Mpe muda," mume wake alimwambia.

"Nampa. Hautaki."

Awamu ijayo ilikuja, lakini si kwa ajili ya chumba cha bweni. Waziri yule wa kuzunguka meza alihamishiwa wizara nyingine, akaja mwingine, mwanamke wa makamo, mkavu, asiyependa vikao virefu. Kwenye kikao chake cha kwanza alisema mageuzi yamefanikiwa na sasa yanaendelea. Akataja chuo cha bondeni.

Dada Umeme alidhani amesikia vibaya. "Hicho kilibakizwa, mheshimiwa. Watu wa pale waliahidiwa hakitaguswa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Kwa idhini gani?"

Aligeuka kumtazama naibu wake, ambaye alikuwepo chumbani siku ile ya maua mezani na aliyasikia yote. Naibu alikuwa akiikagua kalamu yake kama anataka kuinunua. Hapo ndipo kitu kikamkatika ndani. Haikuwa hasira. Ilikuwa kama taa inapoungua: hakuna kishindo, unaona tu kwamba chumba kimekuwa giza. Alikuwa amemtoa mdogo wake kafara ili bondeni wapone, na bondeni walikuwa wamepona kwa muda wa kuvuta pumzi tu.

"Mheshimiwa," alisema, "nilisimama ukumbini mara moja nikawaambia watu kwamba nimeshindwa. Mara ya pili sitaweza. Mtafute mtu mwingine wa kwenda."

"Unakataa kazi, mkurugenzi?"

"Hii, ndiyo."

Waziri alimtazama kwa muda, si kwa ubaya, kisha akageuza ukurasa.

Hawakumfukuza. Waliharakisha tu kustaafu kwake, wakamfanyia hafla ndogo yenye soda na keki, na kwa utani wa jina lake wakamzawadia birika la umeme. Naibu, ambaye sasa alikuwa kaimu mkurugenzi, alitoa hotuba ya kugusa moyo. Dereva ndiye peke yake aliyelia. Alimsindikiza hadi mlangoni kwake, akakataa kuingia, akakaa garini muda mrefu kabla ya kuondoka. Na chuo cha bondeni kilifungwa kwa tangazo la redio. Safari hii hakuna aliyekwenda kuwatazama watu machoni. Alisikia wakufunzi wa huko walifika kazini asubuhi, wakakuta kufuli lao limebadilishwa.

Kwa majuma kadhaa alishinda nyumbani akiwa hajui mikono aiweke wapi. Alitengeneza kila swichi ya nyumba ile, hata zisizo mbovu. Mumewe alimwacha. Kisha habari zikaja kwamba mama yao amedhoofika, anashinda kitandani, naye akafunga mzigo akapanda basi kwenda mlimani, bila dereva wala gari la serikali, begi lake miguuni.

Alikaa na mama yake mchana kutwa, akamwogesha, akamlisha. Bibi kizee alikuwa akichanganya siku sasa. Alimuuliza kama amefunga ofisi vizuri, naye akamwambia ndiyo, nimefunga. Mama alipopitiwa na usingizi, Dada Umeme alitoka uani.

Randa alikuwa chini ya kipaa chake, anapasua ubao mrefu kwa msumeno wa mkono. Nywele za kando zilikuwa zimeanza mvi; dada yake hakuwa ameliona hilo. Alisimama kando ya nguzo, hajui kama aende au arudi ndani.

"Bondeni wamefunga," alisema.

"Nilisikia."

"Kwa hiyo wewe nilikutoa bure."

Msumeno ulisimama. Randa alitazama ubao, si yeye. Kwa muda ilionekana kama atasema kitu, na dada yake akajiandaa kukipokea vyovyote kitakavyokuwa. Badala yake Randa alianza tena kukata, lakini ule mwisho wa pili wa ubao, mrefu kupita stuli iliyoubeba, ulianza kuruka na kubana msumeno. Aliurudisha kwa goti mara mbili, mara tatu, ukakataa.

Dada Umeme akasogea, akaushika.

"Shika vizuri," Randa alisema. "Unayumba."

Akaushika kwa mikono miwili, akaukaza kwa nyonga, huku unga wa mbao ukimwagikia viatu vyake vya ofisini. Randa alikata bila haraka hadi mwisho, kipande kikaanguka, akamnyooshea ubao mwingine bila kumtazama usoni, naye akaupokea. Ndani, mama yao alikohoa. Wote wawili walinyanyua vichwa kusikiliza, wakangoja, na kikohozi kilipotulia Randa akaurudisha msumeno kwenye alama.